Kofia Moja na Kipande cha Silikoni

Tangu nistaafu nimeshapigiwa simu na vijana wawili wa kliniki wakiniuliza mkasi wa silikoni niliuweka wapi. Uko kwenye droo ya chini ya cherehani, chini ya vitambaa, na niliuficha makusudi. Mkasi ule ukikata plasta hata mara moja, basi, silikoni hautaikata tena, utaitafuna tu. Sasa mmeniambia pia niandike niliyoyaona, ili atakayekaa kwenye kiti changu asianzie sifuri. Nitaandika. Lakini anayetarajia majibu humu amekosea mlango. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya nikiwa nimechanganyikiwa, na sikuwa peke yangu, ila wengine walikuwa na koti jeupe la kufichia.

Mimi ni Wafula, mtu wa Bungoma. Nilifika Kisumu nikiwa kijana wa cherehani, nikapanga chumba mtaa wa Obunga, nikasikia hospitali inatafuta fundi wa kushona. Siku ya kwanza nilikwenda na futi ya kupimia, chaki na pini mdomoni, nikauliza wauguzi wako wapi niwapime. Nilidhani ni kazi ya kushona sare. Sista Wilkister, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha makovu, alinitazama, akasema, "Toa hizo pini kwa mdomo kwanza, usije ukameza moja hapa tuongeze mgonjwa."

Kazi ilikuwa kushona nguo za kubana: glovu, vesti, soksi za mkono, hata barakoa za uso mzima, kwa watu walioungua. Kitambaa kinavutika kama mpira, nacho hulikandamiza kovu lisiinuke. Mimi nilikuwa nimeshona suruali za shule maisha yangu yote, ambazo lengo lake ni mtoto apate nafasi ya kukua. Hapa nikaambiwa nishone nguo iliyo ndogo kuliko mtu. Niliona kama ni wazimu, lakini nikashona.

Sista Wilkister aliushika mkono wangu siku ileile akauweka juu ya mkono wa mzee mmoja aliyeunguzwa na mvuke. "Funga macho," akaniambia. "Hapa ni ngozi. Hapa ni kovu. Hapa je?" Nikasema ngozi. "Hapana. Hapo ni kovu limelala. Kazi yetu ni kulilaza. Kuliondoa hatuwezi, na ukimsikia mtu anasema ataliondoa, mkimbie." Halafu akaniambia neno ambalo nimewarudia nyinyi mpaka mmechoka: kovu linasomwa kwa kidole. Jicho linadanganywa na mwanga, na poda, na huruma.

Miaka ikapita, silikoni ikaja. Mwanzoni ilikuja kidogo kidogo, kwenye maboksi ya wageni, na mpaka naondoka haijawahi kututosha. Aliyeishika mara ya kwanza hawezi kusahau: inafanana na ule utando unaoganda juu ya uji ukipoa. Nilimuuliza daktari inafanya kazi gani. Akasema inashikilia unyevu kwenye kovu. Nikauliza unyevu huo unalifanyia nini kovu. Akasema, "Tunafikiri unalituliza." Nililipenda hilo neno tunafikiri. Ndipo nilipojua kwamba tuko wengi.

Masharti yake mnayajua, lakini nitayataja, maana nimeona watu wanayajua na wanayaruka. Kidonda kifunge kabisa kwanza, kisiwe na hata tundu la sindano. Mgonjwa aanze na saa chache, aongeze polepole, mpaka aivae karibu mchana kutwa na usiku. Ioshwe kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Isifutwe kwa taulo, itaokota nyuzi. Ikaushwe kivulini juu ya sahani safi. Ngozi ikitoa vipele vya joto, ipumzishwe. Na chini yake pasipakwe mafuta ya aina yoyote.

Hilo la mafuta lina kisa. Tulikuwa na mama mmoja anayekaanga samaki kando ya ziwa, mafuta ya moto yalimrukia mkononi. Kila nikimwekea silikoni, ilikuwa inateleza. Nilibadilisha kipande mara kadhaa, nikalaani boksi zima, nikaandika malalamiko. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapaka mafuta ya samaki aina ya mbuta chini yake, kama mama yake alivyopaka makovu yote ya ukoo. Mnaniuliza kwa nini hatukunusa. Tulinusa. Lakini mtu anayeuza samaki anuke nini, waridi?

Na jua, jamani. Hapo ndipo nilipobishana na watu wa ziwa hili mpaka sauti ikakauka. "Fundi, sisi ni weusi, jua ni la hawa wazungu," aliniambia mvuvi mmoja mwenye kovu jipya la paji la uso. Akarudi baada ya miezi, kovu limekuwa jeusi kama tako la sufuria na halikutaka tena kurudi. Kovu changa halina ukoo na ngozi yako ya zamani, linaungua upya. Nilimshonea kofia. Akarudi tena, upande wa chini wa kovu bado unazidi kuwa mweusi, nami nikakaa nikiwaza jua linapitaje chini ya kofia. Ilinibidi niende mwenyewe ufukweni nikasimame karibu na maji ndipo nielewe: pale linakupiga kutoka juu, halafu maji yanakurudishia kutoka chini. Losheni ya kukinga jua tulikuwa nayo chupa chache. Nilimpa moja. Akaiweka ya Jumapili, eti ina harufu nzuri ya kwenda nayo kanisani.

Nimewaambia hayo ili mjue kwamba alipokuja Mama Faith sikuwa mgeni wa kuchanganywa. Nilikuwa nimeshachanganywa na mabingwa.

Mama Faith alitoka Pap Onditi, anauza nyanya na vitunguu sokoni. Mtoto wake alikuwa bado wa chekechea. Alikuwa amevuta sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, nao ukammwagikia kuanzia kona ya mdomo, shavu la kulia, taya, mpaka shingoni. Alikaa wodini kwetu, kidonda kikafunga vizuri, akaletwa kwangu. Kwenye kadi aliandikwa Faith, jina la ubatizo, na sisi sote tukamwita hivyo. Kovu lilikuwa limeanza kuinuka, na mahali pabaya palikuwa ile kona ya mdomo: lilikuwa linauvuta mdomo kwenda chini. Mtoto akinywa maji, mengine yalimtoka. Akijaribu kupiga mluzi, ilitoka hewa tu.

Nilimkatia kipande cha silikoni kwa umbo la shavu lake. Nikamshonea na kofia kwa kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, yenye ukingo mpana na pindo refu la kufunika shingo. Silikoni moja, kofia moja, ndivyo tulivyoweza. Mama aliyarudia masharti yote bila kukosea, vizuri kuliko wanafunzi wa chuo wanaoletwa kwetu. Nikajiambia, kovu la huyu mtoto litalala mapema.

Halikulala. Kila kliniki mtoto alikuja na silikoni yake shavuni na kofia yake kichwani, msafi, na kila mara niliposhika lile kovu nililikuta gumu. Si kwamba halikubadilika kabisa. Lilikuwa linasogea hatua kisha linasita, linalainika hapa, hapo pamekaza. Na lilikuwa linazidi kuwa jeusi, kama la mtoto anayeshinda juani bila kofia.

Basi nikafanya ambacho kila mmoja wenu angefanya. Nikaamini kwamba mama hamvalishi. Lakini nilipokichukua kile kipande nikakigeuza, kilikuwa kimechoka vilevile kinavyotakiwa kuchoka: kimefifia, kingo zimelegea, kunata kumepungua. Silikoni inayokaa kwenye sahani haichoki hivyo. Ile kofia nayo ilikuwa imepauka utosini kwa jua. Vyote viwili vilikuwa vimevaliwa kila siku. Kovu ndilo lilisema havikuvaliwa. Nani sasa nimwamini?

"Mama, hii kitu anavaa kweli?" nilimuuliza.

"Inavaliwa, Fundi. Inalala kwa sahani ile wakati ya kuoshwa tu."

"Na kofia?"

"Kofia hata chakula inaliwa nayo."

Nikamuuliza mtoto. Mtoto akamwangalia mama yake, akaangalia viatu vyake. Nilidhani ni haya ya watoto.

Nilishuku sabuni, nikawapa nyingine. Nilishuku maji ya kisima cha kwao. Nilishuku boksi, nikajibandika kipande mwenyewe juu ya kovu la panga nililonalo mkononi, nikakivaa wiki kadhaa. Mke wangu Nekesa akaniuliza niliungua lini bila kumwambia. Kovu langu, ambalo lina umri wa kuwa na wajukuu, lilibaki vilevile, kwa hiyo sikujifunza lolote. Nilianza kuota lile shavu. Nilikuwa nikikaa mezani nyumbani nagusa mkate kwa kidole nikilinganisha ugumu, Nekesa akausogeza mkate mbali na mimi.

Daktari wetu wa upasuaji yeye hakuchanganyikiwa. Alikuwa kijana wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alilibinya kovu, akaniita pembeni. "Bwana Wafula, huyu mama anatudanganya. Kuna watoto wangapi kwenye foleni wanangojea silikoni? Kliniki ijayo kama bado liko hivi, kipande kinaenda kwa mwingine, na huyu nitaukata huo mdomo niuachilie."

Niliogopa. Kovu ambalo bado lina hasira ukilikata, mara nyingi linazaa jingine kubwa kuliko lile, na hapo ni kwenye mdomo wa mtoto wa kike. Daktari alilijua hilo, lakini aliona mdomo unaendelea kuvutwa na sisi tumekaa. Ilinipasa mimi kumwambia mama. Aliweka kikapu chake chini polepole.

"Mdomo ya mtoto wangu ikatwe," alisema. "Na nimefuata kila kitu mlisema."

Shida ni kwamba nilimwamini. Ningemwona mwongo ningelala vizuri.

Kliniki iliyofuata nilifika mapema kuliko mfagiaji. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtoto mwenye kofia ya kijani, silikoni shavuni, akaja moja kwa moja akasimama mbele ya kiti changu. Mama alikuwa bado nje, nilisikia sauti yake kwenye korido. Nikamwinua yule mtoto, nikamkalisha, nikavuta pumzi, nikakibandua kile kipande kuanzia sikioni kama kawaida.

Chini yake hapakuwa na kovu.

Nilitazama. Nikafunga macho, nikagusa. Kidole kilipita kuanzia sikio mpaka mdomoni bila kukwama popote. Nikampeleka mtoto dirishani penye mwanga, nikagusa tena. Ngozi. Nikamwambia, "Faith, piga mluzi." Akapiga mluzi safi mpaka mgonjwa wa benchi la nje akageuka. Mimi ni Mkristo wa kawaida, wa kukaa viti vya nyuma, lakini asubuhi ile nilijikuta nikisema haleluya kwa sauti. Nikaenda mlango wa pili nikamwita daktari, nikamwambia njoo uone mwenyewe. Daktari akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akalibinya lile shavu mpaka mtoto akasema "Uwi." Akakiweka kikombe mezani. Akageuza kadi akaisoma, akamtazama mtoto, akarudi kwenye kadi.

"Hii haiwezekani," alisema.

"Nami naona hivyo," nikasema.

Ndipo mama akaingia. Mkononi amemshika Faith mwingine, asiye na kofia, asiye na silikoni, na kovu lake kwenye shavu la kulia, gumu na jeusi vilevile nilivyoliacha mwezi uliopita.

Nakumbuka tu kwamba mama alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. "Pole, Fundi. Mama mkwe ameenda matanga, sikuwa na mtu wa kumwachia huyu. Na leo si siku ya Apiyo. Leo ni siku ya Adongo. Kliniki zile zingine alikuwa anabaki nyumbani, anaachia mwenzake."

Apiyo ni mwenye kovu, alitangulia kuzaliwa. Adongo ni mdogo wake wa dakika. Ni pacha. Kando hii ya ziwa mtu akisikia jina Apiyo hahitaji kuambiwa zaidi, anauliza tu mwenzake yuko wapi, lakini sisi miezi yote ile tulikuwa na Faith wa kwenye kadi. Baadaye nilimpigia Sista Wilkister, ambaye alikuwa ameshastaafu, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Wafula, ungeuliza tu mtoto anaitwa nani nyumbani."

Daktari ndiye aliyepandisha sauti. "Mama, unamvalisha mtoto mzima silikoni? Ya nini? Leo huyu, kesho yule? Ndiyo maana!"

"Daktari, hawa ni mapacha," alisema mama. "Ukipea mmoja, umepea mwingine. Ukinunulia huyu rinda, unanunua mbili. Nyinyi mkanipa kofia moja. Nifanye nini? Apiyo akiwa amelazwa hapa kwenu, Adongo alikataa chakula kule nyumbani mpaka macho yake iliingia ndani. Mama mkwe akaniambia, ukipendelea mmoja utazika mmoja. Sasa niambie wewe, ningechagua gani?"

Mimi nilikuwa bado nimeshika kile kipande cha silikoni.

"Tena si hiyo tu," akaendelea mama. "Zamani hawa walikuwa wanachanganywa na kila mtu. Hata baba yao alikuwa anaogesha mmoja mara mbili. Tulikuwa tunacheka. Saa hii hakuna mtu anawachanganya. Sokoni wanasema, ita yule mzuri, ita yule wa kuungua. Watoto wangu walikuwa kitu moja, sasa wamekuwa wawili. Hiyo ndiyo inaniuma. Si kovu."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Daktari akachukua chai yake, ambayo nadhani ilikuwa imepoa, akainywa yote.

Sasa mnaona fumbo lilivyokuwa. Silikoni lazima ikae kwa Apiyo kila siku, ama mdomo unakatwa. Lakini ikikaa kwa Apiyo peke yake, mama anaamini amemhukumu Adongo. Na kumpa mtoto mzima kipande kizima wakati foleni ni ndefu, hilo hata mimi nisingelifanya. Nikafikiri nimepata ujanja. Nikachukua plastiki angavu ya kufungia vifaa, nikaikata kwa umbo lilelile, nikampa Adongo. Aliishika, akaikunja, ikapiga kelele. Akaninyoshea niichukue.

"Pacha hadanganywi, Fundi," mama alisema.

Nikakaa. Akili yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Nikamuuliza Adongo, kwa kukosa la kusema tu, "Na wewe, kovu lako liko wapi?"

Akainua rinda akanionyesha goti. Kweli lilikuwapo, la kuanguka na baiskeli ya baba yake, dogo kama punje ya maharagwe. Nikafunga macho nikalisoma kwa kidole. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ni kovu kamili, nitalishughulikia.

Nyinyi mnajua kwamba ukikata silikoni kufuata umbo la shavu, pembe zinabaki, vipande visivyomfaa mtu, tunavitupa. Siku ile nilikata kipande kipya cha Apiyo, nikaokota pembe moja, nikaikata mviringo kwa mkasi uleule, nikaiweka kwenye goti la Adongo. Halafu nikakaa kwenye cherehani nikamshonea kofia ya kijani, ukingo uleule, pindo lilelile. Daktari alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana Wafula, hilo goti halihitaji silikoni," alisema.

"Halihitaji, daktari."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Alimpa Apiyo muda zaidi, na hakusema tena habari ya foleni.

Lakini Adongo alikuwa bado hajaridhika. Alikiangalia cha goti lake, akakiangalia cha shavu la dada yake, akasema, "Yake ni kubwa." Mama akanitazama. Mimi nikaitazama dari. Ndipo Apiyo, ambaye katika kliniki zote zile sikuwahi kusikia akisema neno zaidi ya ndiyo, akamjibu, "Kovu yangu ndiyo kubwa." Adongo akafikiri. Akakubali. Wakavaa kofia zao wakatoka.

Kuanzia hapo kovu lilianza kulala. Polepole, kwa miezi mingi, na kuna kliniki nilizoona linarudi nyuma nikakosa usingizi. Kwanza likalainika kando ya sikio, kisha taya, mwishowe ile kona ya mdomo ikaachia. Ule weusi ukafifia. Daktari hakukata chochote. Mnaweza kuniuliza ni nini hasa kilichofanya kazi: silikoni, kofia, mama kukanda kovu kila jioni kama nilivyomfundisha, au mtoto kukua tu. Nimeliwaza hilo mara nyingi na sijui. Tena Adongo alikula vizuri na goti lake likawa laini ajabu, na hilo nalo sijui nilieleze vipi. Siku moja hawakuja, kama wanavyofanya wanaopona.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa napanga vitambaa na kuficha mkasi, aliingia msichana mrefu, amemaliza shule. Alisimama mbele ya kiti changu bila kuketi. "Mzee Wafula, unanikumbuka?"

Mdomo ulikuwa wa mama yake wa nyanya na vitunguu, nikamjua ukoo mara moja. Nikamtazama shavu la kulia, kwa mazoea. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, miwani nilikuwa nimevaa. Sikuona kitu.

"Wa Pap Onditi," nikasema. "Adongo. Karibu. Apiyo hajambo?"

Akanikazia macho. Nikaogopa nimesema vibaya, labda kuna msiba sijui habari zake.

"Umeniita nani?"

"Adongo. Wewe si Adongo?"

"Sema tena, Mzee."

"Adongo," nikasema, sasa nimechanganyikiwa kama siku za zamani.

Akaketi kwenye kile kiti cha wagonjwa, akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, nami sikujua analia au anacheka mpaka alipoitoa mikono nikaona ni vyote viwili. Akashika kidole changu, hiki cha kusomea, akakiweka chini ya sikio lake la kulia. Pale. Uzi mwembamba unaoteremka kuelekea kwenye taya, laini, umelala fofofo. Ningeujua popote. Niliukatia silikoni mwenyewe miezi na miezi.

"Mimi ni Apiyo," alisema. "Tangu ile uji imwagike, hakuna mtu amewahi kukosea. Hata mwalimu. Hata dani, mama ya baba. Wote wanaangalia shavu kwanza. Na wewe ndiye ulikuwa unajua hii kovu kuliko wote."

Nilitaka kumwambia kwamba macho yangu yamezeeka, kwamba kovu haliondoki, kwamba Sista Wilkister alinionya kuhusu jicho na mwanga. Yote hayo ni kweli. Sikuyasema. Yeye alikuwa ameshatoa simu, anabonyeza, na mkono wake mwingine bado umeshika kidole changu.

"Adongo," alisema simu ilipopokelewa. "Leo nimeitwa wewe."